Chaki ya Buluu Pembeni mwa Ukurasa

Ofisi ya Uhariri
4 Februari

Mzee wangu,

Shikamoo. Natumaini moyo unaanza kutulia baada ya msiba.

Sura kumi na tisa za kitabu chako cha mlinzi wa daraja zimekwisha kupangwa. Tunaisubiri ya ishirini, ambayo Novemba uliniandikia kwamba "imebaki kupigwa pasi tu". Mzee wangu, ni pasi gani hiyo isiyopata moto miezi mitatu? Nakutania, ila mtambo wa kuchapia hautaniwi. Zamu yetu kiwandani ni tarehe 30 Aprili. Ikitupita, tunarudi nyuma ya foleni.

Jambo la pili ni dogo. Wapangaji wa chapa wanauliza maana ya ule mstari wa chaki ya buluu pembeni mwa kila ukurasa. Ni wa kufuta au wa kubakiza? Wamebakiza mistari yote, lakini wanapiga chafya.

Wako,
Mhariri


Chumba cha nyuma, nyumbani kwa mwanangu
11 Februari

Shemeji yangu mheshimiwa,

Kwanza uniwie radhi kwa urefu wa barua hii. Pili uniwie radhi kwa kuwa imekuja na shida, maana barua yenye shida ni kama mgeni anayebisha hodi huku jicho liko kwenye sufuria. Ningekupigia simu, lakini nakumbuka ulivyoniambia kwamba kwa hilo sikio moja lililokubakia simu ni mbu tu.

Tangu tulipomzika dada yako mwezi Mei, sijaandika sentensi hata moja iliyokubali kubaki. Mhariri nilimwambia kwamba sura ya mwisho imebaki kupigwa pasi. Nilisema uongo, Shemeji. Mimi niliyechapwa viboko na Padri kwa kudai nimekariri zaburi ambayo sikuwa nimeifungua, nimelirudia kosa lilelile nikiwa na umri wa miaka sabini na minne. Hakuna cha kupiga pasi. Hata nguo yenyewe haipo.

Kitabu chenyewe ni cha mlinzi wa daraja aliyeona ufa kwenye nguzo. Ameripoti kwa wakubwa, wakamcheka. Ameripoti tena, wakamnyang'anya bendera yake nyekundu. Mwisho wa sura ya kumi na tisa amesimama penye mdomo wa daraja, asubuhi ya mvua, lori linakuja, naye hana kitu isipokuwa sauti yake. Katika sura ya ishirini anapaswa kufungua kinywa. Hafungui. Miezi tisa sasa nimemwacha anyeshewe, na kila asubuhi nikikaa mbele ya karatasi nasikia aibu kama niliyemsahau mtu kituoni.

Naamini naijua sababu, na ndiyo inayonileta kwako.

Katika miaka yote arobaini na sita ya ndoa yetu, kila ukurasa nilioumaliza niliuweka chini ya mkasi wa dada yako, kwenye chumba chake cha kushonea. Asubuhi yake niliukuta umerudi mezani kwangu ukiwa na mstari wa chaki yake ya fundi, ile ya buluu, pembeni. Hakusema neno na mimi sikuuliza. Kwa mshonaji, chaki maana yake ni kwamba hapa panafaa, kata. Nami nilikata: nikaendelea na ukurasa unaofuata. Sikupata kamwe kuandika ukurasa wa pili kabla wa kwanza haujapata chaki. Sasa nina ukurasa mmoja tu, nimeuandika upya mara ishirini na saba, na hakuna wa kuuwekea alama.

Wewe ni damu yake. Naambatanisha huo ukurasa pamoja na kipande cha chaki nilichokikuta kwenye droo ya cherehani. Ukiona unafaa, tafadhali weka mstari. Usipofaa, urudishe mtupu, nami nitashukuru vilevile.

Samahani kwa usumbufu.

Shemeji yako


19 Februari

Bwana Samahani,

Marahaba kwa zile samahani zote, nimezihesabu mpaka nikachoka. Dada alikuwa sahihi kukupa jina hilo. Siku ya harusi yenu ulimkanyaga padri mguu ukamwomba radhi yeye, kiti chake, na mimi niliyekuwa nimekaa mbali huko.

Mimi nimekuwa muuguzi miaka thelathini na nne. Nimeweka alama kwenye vitanda, chupa, mikono ya watoto na vidole vya miguu vya marehemu. Alama ya kitabu sijawahi. Nilikaa na hiyo chaki mkononi muda mrefu, shemeji, kuliko unavyodhani. Kazi uliyonipa si nyepesi, basi tu hujui.

Lakini nimeweka. Ukurasa huo hapo. Sasa andika, usije ukaniletea visingizio vya mgonjwa anayeficha vidonge chini ya mto.

Mimi mdogo wake,
Muuguzi


27 Februari

Shemeji yangu mwema,

Mstari wako ulipofika niliuweka dirishani nikautazama kama mtu anayetazama cheti chake. Mungu akuzidishie. Nimeketi siku hiyohiyo, na nimeandika kurasa nne! Naambatanisha.

Naona mambo yanakwenda. Hata nidhamu yangu ya kazi imekuwa bora kuliko zamani. Pengine hujui kwamba nilikuwa na tabia mbaya ya kuandika huku nikisema kwa sauti kila sentensi, nikiirudia, nikikohoa, nikibishana nayo. Dada yako alinivumilia. Hapa kwa mwanangu, mkwe wangu alinisikia mwezi wa Juni kupitia ukutani, maana chumba changu kimepakana na jiko lake. Akampigia simu mumewe, aliyekuwa safarini na lori lake: "Baba anaongea peke yake." Wakanipeleka kwa daktari. Aliniuliza leo ni siku gani. Nikamtajia siku, tarehe, na mtakatifu wa siku hiyo. Aliandika kitu ambacho hakunionyesha. Tangu hapo naandika kinywa kimefungwa kama bahasha, na nyumba ina amani. Mkwe wangu ni mtu mwema, anafanya kazi duka la dawa na huchoka. Sipendi kumtia hofu.

Nisamehe kwa porojo. Nasubiri kurasa zangu.

Shemeji yako


8 Machi

Bwana Samahani,

Kurasa zote nne nimeziwekea chaki. Nzuri sana. Zinasomeka. Endelea hivyohivyo, usirudi nyuma.

Miguu inanisumbua ila naenda sokoni mwenyewe. Msalimie mkwe, mwambie daktari akikuuliza tena siku, mwambie ni siku ya kulipa mshahara, atanyamaza.

Muuguzi


15 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Kabla ya yote naomba unisamehe, kwa sababu kosa la kwanza ni langu.

Katika ukurasa wa tatu niliokutumia, mstari wa kumi na mmoja, niliandika maneno haya: "Hapo mbuzi akapanda ngazi, akavaa miwani, akaanza kusoma gazeti la jana." Katika kitabu changu hakuna mbuzi, Shemeji. Hakuna ngazi. Nilimweka mbuzi huyo kwa makusudi, kama mwalimu anavyotega mtihani. Ni hila isiyomfaa mtu wa umri wangu, wala mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa.

Lakini mbuzi amerudi kwangu akiwa na mstari wa chaki ya buluu.

Sikulaumu. Naelewa una miguu inayouma na mambo yako. Nasema tu kwamba nilikuwa nimeanza kuamini. Na nikiri jambo jingine: kurasa zile tatu nyingine nazo hazikuwa kitu. Nilizijaza mvua. Mvua inanyesha katika kurasa nne mfululizo, na mlinzi hajasema hata neno. Zimebaki wiki sita.

Dada yako asingempitisha mbuzi. Nisamehe kwa kulisema hilo.

Shemeji yako


22 Machi

Wewe Mwalimu,

Leo sikuiti Bwana Samahani, maana leo nimeudhika.

Umenitega? Mimi? Nimelisha mumeo… nimelisha dada yangu uji kwa kijiko wiki tatu za mwisho, wewe umesimama mlangoni unamwomba radhi ugonjwa, leo unanitegea mbuzi kama mtoto wa darasa la pili! Nimechanganya mpaka maneno kwa hasira, na sifuti.

Ndiyo, sikusoma. Nilisoma ukurasa wa kwanza, ule peke yake, nikaona mtu amesimama mvuani na mimi sijui kama ni mzuri au mbaya. Ninajua kusoma joto la mgonjwa, sijui kusoma vitabu. Nikasema shemeji anataka chaki, mpe chaki, apone. Nimewapa watu maji yenye sukari wakalala usingizi fofofo.

Halafu unasema dada asingempitisha mbuzi. Angempitisha, shemeji. Angempitisha mbuzi na zizi lake zima.

Naishia hapo kabla sijasema zaidi.

Muuguzi


Ofisi ya Uhariri
2 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Sijapata jibu kwa barua zangu mbili. Mkurugenzi ameniita. Amesema kama sura haipo mezani ifikapo tarehe 30, atampa mwandishi mwingine aifunge hadithi. Ameshampata. Huyo anapendekeza mlinzi anyamaze, daraja likatike, na kitabu kiishie kwenye majuto yake.

Nilimwambia Mkurugenzi kwamba mlinzi huyo tumemlea sura kumi na tisa ili aseme. Akaniuliza, "Basi mbona hasemi?" Jibu unalo wewe, Mzee wangu? Nakuomba.

Wako,
Mhariri


5 Aprili

Shemeji,

Uniwie radhi kwa ufupi.

Ulipoandika kwamba angempitisha mbuzi na zizi lake zima nilidhani ni hasira. Nikaiweka barua kando. Kisha nikafungua sanduku la miswada.

Vitabu vya zamani, mistari ya chaki iko mahali pake, juu kulia, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Kuanzia miaka sita iliyopita, inaanza kupotoka. Mingine iko chini. Mingine iko nyuma ya ukurasa, upande usioandikwa. Kurasa kadhaa zina mstari chini kushoto, maana yake aliushika ukurasa kichwa chini miguu juu. Na katikati ya sura ya saba ya kitabu hiki, nimekuta kikaratasi cha maelekezo ya dawa yangu ya kikohozi, kilichojichanganya humo kwa uzembe wangu. Vijiko viwili, mara tatu kwa siku, tikisa kabla ya kutumia. Nacho kina chaki ya buluu. Nakumbuka nilikiona wakati ule nikacheka, nikadhani ananitania.

Shemeji, alikuwa hasomi?

Je, nimeandika miaka sita bila msomaji? Nakuomba kweli, hata ikiwa chungu. Mwandishi mwingine ameshapatikana wa kumalizia kitabu, na sasa naona pengine ni haki.

Shemeji yako


12 Aprili

Shemeji yangu,

Nimeanza barua hii mara tatu, sasa nimejua unavyoteseka na makaratasi.

Niliapa mbele ya dada yangu kwamba sitasema. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye kifo kimeshapita, kimebaki kukuumbua wewe. Acha niseme.

Dada alikuwa haoni. Presha ya macho. Mimi ndiye niliyeigundua, alipokuja kwangu akamimina chai pembeni ya kikombe na kuendelea kuongea. Nilimpeleka kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Akasema kilichopotea hakirudi, kilichobaki tutakilinda kwa dawa ya matone. Zile safari zake za kila miezi mitatu, ulizodhani anakuja kunisalimia, tulikuwa tunaenda kliniki. Miaka miwili ya mwisho aliona mwanga wa dirisha na kivuli chako, basi.

Utauliza mbona alishona. Alishona kwa vidole. Kumbuka aliacha magauni ya harusi akasema wateja siku hizi ni wasumbufu. Hawakuwa wasumbufu. Alibaki na foronya na mashuka, mshono ulionyooka. Na zile sindano kumi na mbili ulizokuwa unamtungia uzi kila asubuhi na kuzichomeka kwenye kimto, akikwambia vidole vimekuwa vizito? Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mtoto, shemeji.

Mimi nilimwambia, mwambie mumeo. Akasema: "Yule mwanamume akijua sioni hataandika tena. Ataweka kalamu chini aje aniombe radhi mpaka tufe." Sasa niambie alikosea.

Lakini wewe umeuliza kama umeandika bila msomaji, na hapo ndipo umekosa kabisa. Umekosa kama mtu anayetafuta miwani akiwa ameivaa.

Alikuwa anakusikia. Hiyo tabia yako mbaya unayojivunia kuiacha! Ukuta kati ya meza yako na chumba chake cha kushonea ulikuwa mwembamba. Kila sentensi uliyoisema, uliyoirudia, uliyogombana nayo, yeye alikuwa upande wa pili. Akija kwangu tukimaliza kliniki, ananikalia upande wa sikio langu zima ananisimulia kitabu chako, yeye haoni, mimi sisikii, tukikaa pamoja tunakuwa mtu mmoja mzima. Alinisimulia mpaka unapokohoa kabla ya kuanza aya mpya. Alikuwa anakohoa na yeye! Huyo mlinzi wako nimemjua kabla hujanitumia karatasi. Nilipokuwekea chaki sikusoma, lakini nilijua ni yule wa bendera.

Hivi unakumbuka ulivyomwomba, kwa samahani zako, apunguze kelele za cherehani ukiwa unaandika? Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Yeye alicheka. Alisema, "Nilikuwa naisimamisha kwa wizi nikitaka kusikia vizuri. Sasa nimepewa ruhusa."

Na aliniambia neno moja nilikuwa nimeliweka, sikujua la nani, sasa naona ni lako. Alisema, "Akizungumza na mimi ni tafadhali na samahani. Akizungumza na karatasi ndipo namsikia mume wangu." Chaki ilikuwa ya kukwambia amesikia.

Sasa mimi si msomi. Lakini mgonjwa akija kwangu akasema hapumui, na nikaona amejiziba pua mwenyewe, sihitaji daktari.

Mlinzi wako hasemi kwa sababu wewe umefunga mdomo tangu Juni.

Nisamehe kwa kuficha. Nimeandika "nisamehe", umeniambukiza.

Mdogo wake


22 Aprili

Shemeji,

Siku kumi kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huo mshindo siusikii, ujue hali yangu. Nimekuumiza? Umeugua? Jirani yangu amempigia mkweo simu kwa niaba yangu, mkweo akasema, "Baba yupo, amejifungia chumbani." Niandikie hata mstari mmoja. Hata mbuzi.

Muuguzi


27 Aprili

Shemeji yangu mpendwa,

Naomba radhi kwa kimya cha siku kumi na tano. Hii ndiyo radhi pekee nitakayoiomba katika barua hii, nami najua utahesabu.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikalala nayo siku tatu chini ya mto. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nikizipitia sindano. Kumi na mbili kila asubuhi kwa miaka sita, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza. Mwanafunzi wangu akinijibu hivyo darasani ningemwambia asimame. Basi nilisimama, katika chumba changu hiki, mbele ya cherehani yake niliyokuja nayo huku, niliyoifunika ubao nikaigeuza meza. Nikauondoa ubao. Nikakaa kwenye kiti chake, si changu, nikausikiliza ukuta ili nijue mtu husikia nini akiwa upande ule. Nilisikia mkwe wangu akikatakata vitunguu. Kila kitu kinasikika, Shemeji. Kila kitu.

Siku ya Jumatatu, asubuhi, kabla mkwe wangu hajaenda kazini, alikuwa anaosha vyombo vya chai. Nilichukua kalamu. Nilikuwa kama mtoto aliyeitwa ubaoni bila kusoma. Nikasema kwa sauti, lakini ya chini: "Mvua ilikuwa imempa mlinzi ruhusa ya kunyamaza." Nikairudia. Nikabishana nayo. Nikakohoa.

Mlango ukagongwa.

"Baba, unaongea na nani?"

Nilitaka kusema hakuna mtu. Ulimi ulikuwa tayari kwa uongo wa zaburi. Nikamwambia, "Naongea na mlinzi wa daraja, mama. Ndivyo ninavyofanya kazi. Ndivyo nilivyofanya siku zote, hapa nilikuficha."

Alisimama na kitambaa cha vyombo begani. Nikajiandaa kwa daktari. Akaniuliza, "Sasa huyo mlinzi anasemaje?"

"Bado hajasema. Lori linakuja, na daraja lina ufa. Wamemnyang'anya bendera."

"Na dereva hajui?"

"Hajui."

Alifuta mikono kwa kile kitambaa. Kisha akasema, "Ongeza sauti basi, Baba. Kwa sauti hiyo dereva gani atasikia?" Akarudi jikoni kwake.

Shemeji, nakuandikia mambo kama yalivyokuwa. Niliongeza sauti. Vyombo viliendelea kulia upande wa pili, sufuria na vifuniko, nami nikaendelea juu ya kelele hizo, sentensi moja ikaishika mkono nyingine. Sikutazama nyuma kuona kama ukurasa wa kwanza umepata alama. Niliugeuza tu. Mlinzi akalivua koti lake, akaingia katikati ya barabara, taa za lori zikamwangaza kifuani, akafungua kinywa.

Na sufuria zikanyamaza.

Nilizifahamu. Cherehani ilikuwa ikinyamaza hivyohivyo, na mimi, miaka yote ile, nilidhani naheshimiwa kwa sababu ya ombi langu. Nilikohoa kwa makusudi, kama kabla ya aya mpya, nione. Hazikulia. Basi nikaendelea, machozi yakilowesha karatasi mpaka wino ukatawanyika, na sikushusha sauti. Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, mkwe wangu aliita kupitia ukutani, kwa sauti ya mtu aliyekereka:

"Baba! Lori limesimama au halikusimama? Nimeshachelewa kazini mimi!"

Nikamjibu. Akashusha pumzi, nikaisikia pumzi yenyewe. Mlango wa nje ukafungwa kwa kishindo. Nadhani hiyo ndiyo hukumu kali kuliko zote nilizowahi kupewa, na naikubali.

Sura imekwisha. Nimeisoma yote tena leo asubuhi, kwa sauti, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakupata kuisikia. Sikujua nielekee wapi, nikaelekea cherehani.

Sikukutumia wewe kurasa hizi uziwekee chaki. Usichukie. Njoo ukae nasi juma moja, upande wangu wa kulia, hilo sikio lako zima lielekee kwangu, nikusimulie mwenyewe. Mkwe atapika, na sisi tutakuwa watu watatu wazima. Mwanangu atapita na lori kukuchukua akirudi kutoka mjini, ambako nimemtuma apeleke bahasha kwa mkono wake, isije ikachelewa posta.

Kile kipande cha chaki baki nacho.

Shemeji yako


27 Aprili

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa Mkurugenzi.

Dereva anayekukabidhi bahasha hii ni mwanangu. Ndani yake kuna sura ya ishirini, kurasa kumi na nane. Novemba nilikuambia imebaki kupigwa pasi. Haikuwa kweli, haikuwepo kabisa. Sasa ipo. Tafadhali mshukuru yule mwandishi mwenzangu kwa utayari wake, na umweleze kwamba mlinzi hakunyamaza.

Uliuliza juu ya mstari wa chaki pembeni mwa kurasa zangu, nami sikukujibu. Ulikuwa wa kubakiza. Katika kurasa hizi hutaukuta, na wapangaji wako hawatapiga chafya. Wasidhani zimesahauliwa.

Zimesikilizwa.

Wako katika kazi,
Mwandishi